Kabla hujasema filamu ni mbovu, isikilize kwanza

Mleta mada anasema aliitazama Vuta N'Kuvute pamoja na ndugu zake wanne. Wawili waliinuka wakisema hawajapata kuona filamu ya Kitanzania iliyofika kiwango hicho, na wawili walisema inachosha, mmoja wao akiwa amesinzia kabla ya mwisho. Anauliza mtu atumie kipimo gani kupima uzuri na udhaifu wa filamu za siku hizi, ili hukumu yake isiwe ya mapenzi matupu wala ya chuki tupu. Majibu mengi yaliyotangulia yamesifu picha safi, kamera za kisasa na sura za waigizaji. Sina ugomvi nayo, ila yote yametoka machoni. Mimi naomba nijibu kwa upande wa masikio, kwa kuwa huko ndiko nilikofanyia kazi, na ndiko ninakoamini kwamba kasoro kubwa ya filamu zetu imejificha pamoja na uzuri wake mkubwa.

Kati ya mwaka 2008 na 2014 nilikuwa mshika maiki, kisha fundi wa sauti, kwenye filamu zilizokuwa zikitengenezwa Dar es Salaam kwa ajili ya kuuzwa kwenye DVD. Filamu ilipigwa kwa wiki moja au mbili, mara nyingi katika nyumba ya kukodi, na msambazaji alitaka iwe na sehemu ya kwanza na sehemu ya pili ili mnunuzi alipe mara mbili. Ndiyo maana watazamaji wa wakati ule wote wanayakumbuka matukio ya namna hii: gari linafika getini, linapiga honi, mlinzi anafungua, gari linaingia, linapaki, mtu anashuka, anafunga mlango, anatembea hadi barazani, anabisha hodi. Dakika tatu zimekwisha na hakuna lililosemwa. Sisemi haya kwa kuwabeza wenzangu, kwani walifanya kazi kwa bidii, filamu zile zililisha familia nyingi, na ziliwazoesha Watanzania kujiona kwenye skrini wakisema lugha yao wenyewe. Nasema ili msomaji ajue nilijifunzia wapi kusikiliza.

Kuna tukio moja ambalo sijapata kulisahau. Mama analetewa taarifa kwamba mwanawe amefariki. Muongozaji alitaka mama yule asipige ukunga, akae kwenye kiti cha jikoni, ashike kikombe kwa mikono miwili, aulize neno moja tu: "Saa ngapi?" Mwigizaji alikuwa mama mtu mzima aliyezoea michezo ya redio, na alilisema neno lile kiasi kwamba mimi niliyevaa hedifoni nilisikia koo lake likikauka kabla ya sauti kutoka. Lakini nyuma ya neno lile kulikuwa na mngurumo wa friji. Fundi wa sauti mzoefu huzima friji kabla ya kupiga tukio, kisha huweka funguo za gari lake ndani ya friji hiyo, ili asiweze kuondoka bila kukumbuka kuiwasha tena na kuiharibia familia ya watu chakula chao. Siku ile friji haikuzimwa. Niliomba turudie, nikaambiwa kwamba mwanga unakwisha na mwenye nyumba anaitaka nyumba yake. Katika uhariri tulijaribu kuupunguza mngurumo, na kila ulipopungua, sauti ya mama ilizidi kusikika kama inatoka ndani ya ndoo. Basi tukafunika kombe mwanaharamu apite: muziki wa kinanda, mzito, ukawekwa kuanzia mwanzo wa tukio hadi mwisho wake.

Miezi michache baadaye nilikwenda kuitazama filamu hiyo kwenye kibanda umiza kimoja, yaani banda la kuonyeshea video kwa kiingilio, cha Manzese. Tukio lilipofika, dada aliyekaa mbele yangu alimgeukia mwenzake akamuuliza, "Kasema nini?" Mwenzake akajibu, "Sijui, ila mtoto kafa." Neno moja ambalo mwigizaji yule alilibeba kutoka ndani kabisa lilikuwa limezikwa, na watazamaji wakabaki na taarifa tu. Tangu hapo siwezi kuipima filamu bila kujiuliza ni kitu gani kimefunikwa na muziki, na kwa nini kimefunikwa.

Kutokana na kazi ile nilijifunza kutofautisha kasoro mbili ambazo watazamaji wengi huzichanganya, yaani kasoro ya mfuko na kasoro ya uzembe. Mtengenezaji asiye na fedha za kufunga mtaa mzima au kushona mavazi ya watu mia moja ya miaka ya 1950 atakupa uchochoro mmoja, taa moja na watu sita, na ukimlaumu kwa uchache wa watu utakuwa umemwonea. Lakini mtengenezaji huyo huyo akikupa mazungumzo ya watu wawili waliokaa meza moja, sauti ya mmoja ikitoka karibu na ya mwenzake ikitoka kama yuko chumba cha pili, hapo usimhurumie, kwa sababu kusogeza maiki hakugharimu chochote. Kamera nzuri siku hizi inakodishwa kwa bei ambayo tusingeiota mwaka 2008, na hata simu inatoa picha inayopendeza. Kwa hiyo picha safi imekuwa kipimo dhaifu sana cha ubora. Inakuambia kwamba kamera ni mpya, na haikuambii lolote kuhusu umakini wa watu walioishika.

Ngoja niingie ndani kidogo ya jambo hili, kwa kuwa ni nadra kuelezwa. Kila mahali pana ukimya wake. Ukimya wa sebule yenye zulia na mapazia mazito si ukimya wa chumba cha bati, wala si ukimya wa ua wenye mwembe. Fundi makini, kabla hajaondoka lokesheni, huwaomba watu wote wasimame bila kutikisika kwa nusu dakika ili arekodi ukimya wa pale, kisha mhariri huutandika chini ya mazungumzo kama mkeka, ili picha inaporuka kutoka uso mmoja hadi mwingine sikio lisisikie mshono. Nusu dakika hiyo ni ngumu kuipata kuliko mtu anavyodhani: huyu anakohoa, yule anakunja waya, mwingine anapokea simu. Pale ilipokosekana, mtazamaji huhisi jambo bila kujua ni nini. Hewa inakatika kila anapobadilika msemaji. Dar es Salaam kuna tatizo jingine, la kunguru. Nimesikia kunguru wa mjini wakilia kwenye tukio ambalo hadithi inasema linatokea kijijini milimani, kisha mlio wao unakatwa katikati kwa sababu picha imebadilika. Nimesikia adhana ikianza kwenye sentensi ya mume na kutoweka kwenye jibu la mke. Mtu akisema filamu ya namna hiyo "haimwingii", watu humwambia kwamba hana subira, ilhali sikio lake limemwambia kweli.

Sasa niende kwenye filamu aliyoiuliza mleta mada. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji ilioneshwa kwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021, na baadaye ikapelekwa kuiwakilisha Tanzania kwenye tuzo za Oscar, jambo ambalo kabla ya hapo lilikuwa limetokea mara moja tu, kwa filamu ya Maangamizi, zaidi ya miaka 20 nyuma. Imetokana na riwaya ya Adam Shafi, ambayo wengi wetu tuliisoma kidato cha 5 na cha 6. Hapo tayari pana mtego. Aliyeisoma riwaya anaingia akiwa na Yasmin wake, Denge wake mwanaharakati na Mwajuma wake, rafiki wa Yasmin, kichwani, na asipowakuta anakasirika. Ukweli ni kwamba riwaya ina nafasi ya kumtoa Yasmin Unguja, kumfikisha Mombasa na kumrudisha, pamoja na kueleza polepole jinsi msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa mzee anavyokuja kujitenga na ukoo wake. Filamu ina saa moja na nusu. Imechagua kuanzia usiku ambao Denge na Yasmin wanakutana, Yasmin akiwa njiani kupelekwa kuolewa, na kuyaacha mengine yajieleze kwa picha na kwa sauti. Kuihukumu kwa yale iliyoyaacha ni kuihukumu kwa ahadi ambayo haikuitoa.

Mimi huitafuta ahadi ya filamu katika dakika kumi za mwanzo. Filamu ya kuchekesha inaahidi kucheka, ya upelelezi inaahidi fumbo na jawabu lake. Vuta N'Kuvute inaahidi mambo mawili kwa pamoja: penzi la watu wawili wasiotakiwa kupendana, na harakati za kumng'oa Mwingereza Zanzibar. Nimeitazama mara mbili, na hukumu yangu ni kwamba ahadi ya tatu, ambayo haikutamkwa, ndiyo iliyotimizwa vizuri kuliko zote mbili, nayo ni ahadi ya kuturudisha Unguja ya wakati ule kwa hisia za mwili. Giza la vichochoro, kuta za mawe zinazorudisha sauti za nyayo, mwanga wa taa kwenye vitambaa, bahari isiyokuwa mbali kamwe. Filamu hii haiogopi ukimya. Inamwacha mtu atazame, apumue, asiseme. Kwa fundi aliyelazimishwa kumimina kinanda juu ya kila pengo, kuona watu wa nyumbani wakiuamini ukimya kiasi hicho kulinifurahisha mno.

Na Mwajuma! Siti Amina, aliyeigiza nafasi hiyo, ni mwanamuziki katika maisha yake ya kweli, na hilo linasikika hata pale asipoimba. Kiunguja kinakaa mdomoni mwake bila kusukumwa, anaitupa sentensi na kuimalizia kwa pumzi, na anajua lini maneno yanatosha. Taarabu katika filamu hii imo ndani ya maisha ya wahusika; wanaiishi, wanaifuata, wanajificha ndani yake. Linganisha na filamu ambayo muziki unatoka mbinguni kumwamuru mtazamaji alie sasa, na utaelewa kwa nini ninauhesabu huu kuwa uzuri wake wa kwanza.

Udhaifu wake uko kwenye siasa. Denge katika riwaya ni mtu mwenye shughuli nzito. Ana wenzake, ana makaratasi yaliyopigwa marufuku, ana hofu na ana hila za kuwakwepa makachero. Katika filamu tunaambiwa kwamba yuko kwenye harakati, tunaziona alama zake, lakini nilitamani kuzisikia fikra zikigongana. Watu wa chama wanapozungumza, nilisikia sentensi zilizokamilika mno, kama watu wanaosoma azimio, wakati vijana wa miaka ile walikuwa wakikatizana, wakitaniana na kubishana hadi usiku wa manane. Matokeo yake ni kwamba penzi linapoingia hatarini kwa sababu ya harakati, hatari hiyo tunaijua kwa akili, lakini tumbo halishtuki. Hata penzi lenyewe linategemea sana uzuri wa picha. Wapendanao wamepangwa vizuri mno kwenye mwanga, na mara nyingine nilitaka mmoja wao aseme jambo la kipuuzi, kama wanavyosema watu wanaopendana kweli. Hii si kasoro ya mfuko, kwa kuwa maneno hayagharimu. Ni uamuzi wa mwandishi na muongozaji, na wanastahili kuambiwa kwa heshima, kwa sababu wamefanya kazi inayostahili kusomwa kwa makini hivyo.

Hili la sentensi kukamilika mno linanipeleka kwenye tatizo pana zaidi, ambalo halihusu filamu moja. Filamu nyingi za Afrika Mashariki zinazopata fedha za kutosha zinazipata kutoka nje, na anayetoa fedha anataka kwanza kusoma muswada kwa lugha anayoielewa. Basi muswada unaandikwa kwa Kiingereza, unapita mikononi mwa washauri, unapendwa, kisha siku chache kabla ya kupiga picha mtu anapewa kazi ya kuurudisha kwenye Kiswahili. Nimekuwepo kwenye seti wakati kazi hiyo ikifanyika juu ya boneti ya gari. Binti wa Mbagala anayetaka kuachana na mchumba wake anapewa sentensi: "Ninahitaji muda wa kufikiri kuhusu sisi." Mwigizaji aliisema mara nne na kila mara uso wake ulikuwa wa mtu anayesoma tangazo. Mara ya tano, bila kuambiwa, akasema, "Niache kwanza," akageuka, na watu wote nyuma ya kamera wakanyamaza. Ilitumika ile ya mwanzo, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kwenye karatasi.

Kwa hiyo unapopima filamu ya Kiswahili, sikiliza salamu. Mkwe akiingia ndani bila shikamoo, na hadithi haijatuambia kwamba ana ugomvi na mwenye nyumba, ujue muswada ulifikiriwa mahali pengine. Sikiliza watu wanavyoitana. Mke wa pwani aliyeishi na mumewe miaka 15 hamwiti jina kila baada ya sentensi mbili. Atamwita baba fulani, au hatamwita kabisa na mume atajua kwamba anasemeshwa yeye. Sikiliza matusi, vicheko na maneno ya kujazia pengo. Hivi ni vitu vidogo, lakini ndivyo vinavyomfanya mtazamaji wa Tandika amsogelee mhusika au ajitoe kwake.

Mleta mada hakuuliza filamu nyingine, lakini kipimo kisichojaribiwa kwenye kazi zaidi ya moja hakina maana, kwa hiyo nitagusa chache. Binti ya Seko Shamte, ya mwaka 2021, ina wanawake wanne wa Dar es Salaam, kila mmoja na mzigo wake, na uzuri wake ni kwamba hukumbani na magari yanayoingia getini. Kila tukio linaanza karibu na moto. Mwanamke anayekabwa na deni, na mwenzake anayepigwa na mtu anayetarajia kumuoa, wanasema Kiswahili cha mjini ambacho nakitambua. Lakini hadithi nne kwa muda ule ni nyingi. Ukishaanza kumjali mtu, unamwacha, na unapofika kwa wa nne moyo umechoka kuanza upya. Ningefurahi kuona wawili kati yao wakipewa filamu nzima.

Nawi ya mwaka 2024, iliyopelekwa Oscar na Kenya, ilinipa tabu zaidi kuihukumu, kwa sababu jambo inalolisemea ni la haki kabisa. Ni hadithi ya msichana wa Turkana, hodari darasani, ambaye baba yake anataka kumuoza kwa mali ya mifugo. Wazo lilitoka kwa Milcah Cherotich, aliyeshinda shindano la uandishi, na waongozaji walikuwa wanne, wawili Wakenya na wawili Wajerumani. Michelle Lemuya Ikeny, binti aliyeigiza nafasi ya Nawi, alipata tuzo ya mwigizaji chipukizi kwenye AMAA, tuzo za filamu za Afrika, na aliistahili kwa kila hali. Ana macho yanayokataa huku mdomo ukiitikia, na ana namna ya kuisikiliza amri ya mtu mzima kabla ya kuijibu. Kiturkana kinapozungumzwa, filamu inapata mizizi. Lakini kuna sehemu ambapo mhusika anaacha kuwa mtu na kuanza kunena kama mwezeshaji wa semina, akieleza umuhimu wa elimu kwa mtoto wa kike kwa watu ambao, ndani ya hadithi, wasingesubiri amalize. Wapo watakaosema kwamba ni dhambi kuikosoa filamu inayotetea watoto. Naona kinyume chake: jambo likiwa zito, ndivyo linavyostahili kutengenezwa vizuri zaidi, na uso wa binti yule ulikuwa umeshasema yote kabla hotuba haijaanza. Kumsifu mtengenezaji kwa sababu ya nia yake tu ni kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Mtu anayetaka kujua ukimya unaweza kubeba nini aitafute Shimoni ya Angela Wamai, iliyopata tuzo ya tatu, Farasi wa Shaba, kwenye FESPACO, tamasha la filamu za Afrika, ya mwaka 2023 kule Ouagadougou. Justin Mirichii anaigiza mwalimu wa zamani aliyetoka gerezani na kupelekwa kwenye kijiji cha utotoni mwake, na kwa muda mrefu hatuambiwi ana nini. Mabega yake yanatuambia. Wapo wanaoilaumu kwa kuficha mno, na ninakubali kwamba kuna mahali ambapo fumbo limekazwa zaidi ya lilivyohitaji, hasa kwa mtazamaji ambaye tayari ameshabaini nani alimfanyia nini. Hata hivyo ninaipa heshima kubwa, kwa sababu haikukimbilia muziki ilipopata woga.

Filamu niliyoisikiliza mara nyingi kuliko zote si ya kuigiza. Ni Makala, ya mwaka 2017, ya Mfaransa Emmanuel Gras, iliyoshinda tuzo kuu ya Wiki ya Wahakiki kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa. Jina lake ndilo neno letu la mkaa, nayo inamfuata kijana wa Katanga, Kabwita Kasongo, anayekata mti, anauchoma, kisha anausukuma mkaa wake kwa baiskeli kwa umbali wa kilomita 50 hivi hadi Kolwezi kuuza. Kiswahili kinachosemwa mle ni kile cha Kongo, na mtu wa Tanga au Mombasa atakosa neno hapa na pale, lakini hatapotea. Sikiliza baiskeli ile. Mzigo umeizidi, vyuma vinalalamika, na pumzi ya Kabwita inapanda na kushuka pamoja na barabara, hadi ufike mahali unapojikuta wewe mwenyewe umeibana pumzi kwenye kilima. Malori yanapita, upepo wake unatikisa gunia, na unasikia vumbi. Hakuna mazungumzo yanayoweza kufanya kazi hiyo. Lakini hata hapa nina manung'uniko: kuna selo, ile fidla kubwa yenye sauti nzito, inayopigwa juu ya baadhi ya sehemu za safari, nzuri kwa yenyewe, imepigwa na fundi hodari, na kila inapoingia ninapoteza pumzi ya Kabwita ambayo ndiyo niliyokuwa nikiifuata. Ni kosa la namna moja na lile la kinanda chetu cha jikoni, lililofanywa na watu wenye uwezo mkubwa zaidi na kwa sababu tofauti kabisa. Nililigundua siku nilipoitazama mara ya tatu, na lilinisaidia kuacha kuamini kwamba makosa ya masikio ni ya watu maskini.

Kuhusu Augure ya Baloji, iliyotuzwa Cannes mwaka 2023, nitasema kidogo tu. Ni hadithi ya Koffi, anayerudi Kongo na mchumba wake Mbelgiji baada ya miaka mingi, na familia bado inamwona kuwa ana alama ya shetani. Ina picha ambazo hazijawahi kutengenezwa na mtu mwingine, na ina wahusika wanne wakuu wanaogawana filamu, jambo linalonirudisha kwenye lawama niliyoitoa kwa Binti.

Sasa jinsi ya kufanya, kwa kuwa mleta mada aliomba kipimo anachoweza kukitumia mwenyewe. Mara ya kwanza tazama kama mtazamaji, bila kalamu, na umwache kila mtu aliyetengeneza akufanyie alichokusudia. Siku inayofuata chagua dakika kumi za katikati, ugeuze kiti, usikilize bila kutazama. Ukiweza kujua ni nani anayesema, yuko wapi, na anamheshimu au anamdharau anayesema naye, filamu hiyo imetengenezwa na watu wanaojali. Ukisikia muziki tu na maneno yanayofanana kutoka midomo tofauti, picha nzuri ilikuwa ikikuficha jambo. Kisha rudia dakika hizo hizo ukiwa umezima sauti kabisa. Waigizaji wazuri bado watakuwa wanasikilizana. Wabaya utawaona wakisubiri zamu yao ya kusema.

Na kuhusu ndugu yako aliyesinzia, usimcheke wala usimwite mshamba, maana usingizi wa mtazamaji ni ushahidi kama ushahidi mwingine. Muulize alisinzia wapi. Akikuambia ni pale wanaharakati wanapozungumza, nitakaa upande wake, kwa sababu nami pale nilikitazama kidirisha cha muda mara mbili. Akikuambia ni pale Mwajuma anapoimba, mrudishie filamu, umpe na hedifoni, aanze tena kutoka hapo.